Taa Nyekundu ya LED Inaweza Kukuchomea Picha, na Safari Hii si Msemo Tu

Ingia bedsita yoyote ya Roysambu, Rongai ama Kahawa Wendani usiku na utaipata ukutani: ule utepe wa LED wa kubandika, wenye rimoti ndogo nyeupe iliyojaa vifungo vya rangi. Buluu ya kutulia, zambarau ya kupiga video, kijani ya wale bado hawajajua wanataka nini. Na nyekundu. Sasa kuna wasee wameanza kuangalia hicho kifungo chekundu na jicho lingine kabisa, kwa sababu kamera za filamu zimerudi. Unapata kijana wa 2003 akitembea tao na kamera ya babake shingoni. Hata Pentax mwaka 2024 wakatoa kamera mpya kabisa ya filamu, Pentax 17, kitu ambacho miaka 10 iliyopita ungecheka ukiambiwa.

Kupiga ni rahisi. Kuosha filamu pia mtu hujifunza wikendi moja. Mambo hubadilika pale unapotaka kutoa picha kwa karatasi wewe mwenyewe, kwa mkono, bila kompyuta. Hapo unahitaji chumba cha giza, ile dakrumu unaona kwa muvi, jamaa amesimama kwa mwanga mwekundu na sura ya mtu inatokea polepole ndani ya trei ya dawa. Na swali la kwanza huwa ni lile lile: si nitumie tu hizi LED zangu? Nizibe dirisha la bafu, nibonyeze nyekundu, kazi ianze?

Inategemea ni LED gani, na macho yako hayawezi kukuambia. Taa mbili zinaweza kukaa nyekundu sawasawa, moja ikaacha karatasi yako ikiwa safi, nyingine ikaichoma ukiiangalia hivi hivi.

Na karatasi si kitu ya kuchezea. Kodak waliacha kutengeneza karatasi za picha za nyeusi na nyeupe mwaka 2005. Zilizobaki sokoni zinatoka ng'ambo, mfano zile za Ilford, ambazo kiwanda chao kiko Mobberley, Uingereza. Ikifika Nairobi imeshalipiwa usafiri na ushuru, na mwenye kumaliziwa hiyo bili ni wewe. Kupoteza paketi nzima kwa sababu ya taa ya mia mbili ni uchungu wa aina yake.

Mbaya zaidi, taa mbovu haikuchomei picha kwa kelele. Karatasi haitoki nyeusi tii ukajua kuna noma. Inatoka na kijivu hafifu, kama ukungu wa Limuru asubuhi, pale palipotakiwa kuwa peupe. Chukua albamu ya shosho uangalie picha za studio za zamani: kanzu ni nyeupe, gauni la harusi ni jeupe, meno ni meupe, na bado unaona mikunjo ya kitambaa. Sasa angalia yako: shati jeupe limekaa kama limeoshwa na soksi. Utalaumu dawa. Utalaumu karatasi kwamba ni kuukuu. Utabadilisha muda, utabadilisha filta, utapoteza shiti zingine 10, na taa iko hapo juu inakuchora tu.

Kwa nini nyekundu na si rangi ingine

Karatasi ya picha imepakwa chumvi za fedha. Fedha hapa ni yale madini ya mikufu, si ganji, ingawa ukiona bei utadhani ni kitu kimoja. Chumvi hizo kwa asili husikia mwanga wa buluu na urujuani. Nyekundu haina nguvu ya kuziamsha. Ni kama mtu amelala fofofo: buluu ni kumwagiwa maji, nyekundu ni kunong'onezewa ukiwa chumba cha pili.

Wataalamu hupima rangi ya mwanga kwa nanomita. Buluu ya LED iko karibu na 450, kijani iko kama 525, manjano iliyokolea iko 590, na nyekundu inaanza kama 620 kwenda juu. Karatasi nyingi zinazouzwa siku hizi ni za Multigrade, aina ambayo Ilford waliitoa mwaka 1940, na hizo zimeongezewa uwezo wa kusikia kijani pia. Si kwa ubaya: mwanga wa buluu hutoa picha kali yenye weusi na weupe wa kugongana, wa kijani hutoa picha laini, kwa hivyo ukibadilisha filta unabadilisha ukali wa picha kwa karatasi ile ile moja. Lakini maana yake kwa taa yako ni kwamba eneo la hatari limepanuka. Usikivu wa karatasi unashuka kadiri unavyokaribia 600. Ukivuka 620 na hakuna kitu kingine kimejificha ndani ya huo mwanga, uko sawa.

Hiyo "hakuna kitu kingine kimejificha" ndiyo habari yote ya leo.

Kabla hatujaendelea, isije mtu akasoma hapa akaenda kufungua filamu yake chini ya taa nyekundu. Filamu za kawaida za kupigia picha husikia rangi zote, nyekundu ikiwemo. Filamu inaingizwa kwa tangi giza totoro, hakuna kupapasa na LED. Karatasi za picha za rangi pia achana na nyekundu kabisa. Tunaongea karatasi za nyeusi na nyeupe pekee.

Buluu iliyovaa nguo nyekundu

LED ya kwanza ya maana yenye mwanga unaoonekana kwa jicho ilikuwa nyekundu. Nick Holonyak aliitengeneza mwaka 1962 akiwa General Electric, Marekani. Buluu ilisumbua watu miaka 30 na kitu, hadi Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, Japani, akatoa ile yenye mwanga mkali mwaka 1993. Yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakapewa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Dunia ilishangilia kwa sababu buluu ndiyo ilileta LED nyeupe. Ndani ya balbu nyeupe ya LED hakuna chembe nyeupe. Kuna LED ya buluu iliyofunikwa na unga wa manjano. Buluu kidogo inapenya, unga unageuza ingine kuwa manjano, jicho lako linachanganya zote mbili linaona nyeupe.

Kwa mpiga picha hiyo ni story ya kutisha kidogo. Kila balbu nyeupe ya LED ndani ya keja yako ina mlima wa buluu pale pale karibu na 450, mahali karatasi inasikia vizuri kuliko kwingine kote.

Sasa tembea Luthuli Avenue, ingia maduka ya umeme, uulize taa nyekundu. Utapewa vitu tofauti kabisa na vyote vitaitwa jina moja. Kuna balbu ambayo LED zake zenyewe ni nyekundu. Ukiangalia ndani ikiwa imezimwa mara nyingi utaona vidoti vyenye glasi wazi ama yenye rangi nyekundu, bila ule unga wa manjano. Hiyo ndiyo mali. Halafu kuna balbu nyeupe ya kawaida iliyovalishwa plastiki nyekundu ama kupakwa rangi. Jicho linaona nyekundu moto kabisa, lakini rangi ya juujuu haikamati buluu yote, na hicho kidogo kinachovuja kinatosha. Ile mbinu ya kufunga balbu na karatasi nyekundu ya zawadi iko kwa kapu hilo hilo. Ni ya bei ya chini na ndiyo imechoma picha za watu wengi.

Tatu ni ule utepe wako wa rimoti. Ukiutazama kwa karibu kila kidoti kina vitu vitatu ndani: nyekundu, kijani, buluu. Ukibonyeza nyekundu tupu, ile moja pekee inawaka, na mwanga wake ni mwembamba, unakaa ndani ya kama nanomita 20 hivi. Kwa hivyo habari njema: utepe wa kupigia video unaweza kuwa taa salama kuliko balbu ya kupakwa rangi iliyouzwa kama taa ya kazi. Habari mbaya iko kwa rimoti. Vifungo vya rangi ya chungwa na waridi vinachanganya kijani ama buluu ndani. Ukikalia rimoti ikahama nyekundu ikaingia ile ya kubadilisha rangi yenyewe, hiyo shiti imeenda na mlolongo. Nyekundu ikishawaka, toa betri ya rimoti uweke mfukoni.

Balbu za kuunganishwa na simu ziogope zaidi. Nyingi, stima ikipotea na kurudi, huamka zikiwa nyeupe. Na unajua vile stima hufanya mitaa yetu.

Uliza CD ya zamani

Kabla hujatumia hata shiti moja, tafuta CD. Najua, nani bado ako na CD. Uliza mzee, ama wauzaji wa muvi wa zamani. DVD pia inafanya. Zima taa zote, washa ile unashuku, kisha ishike CD upande unaong'aa uiinamishe hadi uone mwanga wa taa umepasuka kuwa rangi. Mistari midogo ya CD hutenganisha mwanga vile mvua hutenganisha jua.

Ukiona nyekundu peke yake, hakuna kingine pembeni, umefaulu mtihani wa kwanza. Ukiona mkanda wa kijani ama wa buluu, hata kama ni hafifu, hiyo taa iende sebuleni. Fanya hivyo kwa balbu nyeupe kwanza ili ujue upinde kamili unakaaje, halafu ya nyekundu. Tofauti inaonekana ndani ya sekunde tano na hakuna pesa imetumika.

Lakini CD inaongea na jicho lako tu, na jicho linaweza kukosa kitu ambacho karatasi inakipata baada ya dakika tano za kukaa hapo. Mwenye neno la mwisho ni karatasi.

Shilingi 20 na matatu ya watu 14

Wengi hufanya jaribio la sarafu vibaya. Wanaweka karatasi mpya chini ya taa nyekundu, wanaweka sarafu juu, wanangoja, wanaosha. Karatasi inatoka nyeupe yote, hakuna alama ya sarafu. Wanasema taa iko fiti. Halafu picha zao zinaendelea kuwa na ukungu na wanachanganyikiwa kabisa.

Karatasi ya picha ni kama matatu kwa stage. Haitoki mpaka ijae. Mwanga unaingia kidogo kidogo kama abiria, na mpaka ufike kiwango fulani hakuna kitu kinaonekana. Ukiweka karatasi tupu chini ya taa mbovu, taa inapakia abiria watano, matatu bado imekaa, wewe unasema hakuna kitu kimetendeka. Lakini picha ya kweli haiko hivyo. Mashine ya kukuza picha imeshapakia watu. Kwa ile sehemu ya shati jeupe, mashine imeweka kama 13 kati ya 14, ndiyo maana pale pametakiwa kubaki peupe. Taa yako ikiongeza mmoja tu, gari linaondoka. Hapo ndipo kijivu kinazaliwa.

Kwa hivyo lazima ujaze matatu kwanza. Ukiwa giza kabisa, taa nyekundu imezimwa, washa mashine bila negativu, lenzi imefungwa kiasi, na utafute kwa vipande vidogo vya karatasi ni sekunde ngapi zinatoa kijivu chepesi sana baada ya kuoshwa. Ukishajua, ipe shiti nzima huo mwanga. Bado giza, ilaze pale trei zako hukaa, kwa sababu ndipo karatasi itakaa muda mrefu. Panga sarafu nne za shilingi 20 kwa mstari, funika shiti yote na kadibodi ukibakisha robo yenye sarafu ya kwanza, kisha washa taa nyekundu. Kila baada ya dakika mbili sogeza kadibodi ufunue robo ingine. Zikiisha nane, zima taa. Robo ya kwanza imekaa kwa mwanga dakika nane, ya mwisho mbili.

Osha gizani. Hii sehemu watu huruka, wanaosha chini ya taa ile ile wanayoipima, na hapo wanaharibu kila kitu. Muda usiuhesabu na simu mkononi. Mwambie mtu akuhesabie akiwa nje ya mlango.

Ikishapita kwa fiksa, washa taa ya kawaida uangalie. Chini ya sarafu ni kijivu chepesi ulichoweka wewe. Ukiona duara jepesi kuliko karatasi inayolizunguka, taa imeongeza abiria. Ikiwa duara linaonekana kwa robo ya dakika nane lakini ile ya sita iko laini, chini ya sita ndipo mwisho wako, na mimi ningekata hiyo kwa nusu kwa usalama. Karatasi za kisasa za plastiki huiva kama kwa dakika moja, ukiongeza kuitoa kwa boksi na kuipanga uko ndani ya dakika tatu ama nne. Duara likionekana hata kwa robo ya dakika mbili, hiyo si taa salama, ni taa ya klabu.

Usimwage mwanga kama wa klabu

Kuna mtu atafaulu CD, atafaulu rangi, na bado afeli sarafu, kwa sababu amefunga utepe wote wa mita tano ndani ya bafu la mita mbili. Hakuna taa iliyo salama milele; hata nyekundu safi ikizidi inachoma. Enzi za balbu za waya, Kodak walikuwa wakishauri balbu ya wati 15 nyuma ya filta, ikae angalau futi 4 kutoka kwa karatasi, yaani kama mita 1.2. LED nayo haijasamehewa sheria hiyo.

Utepe wa volti 12 una alama ya mkasi kila baada ya LED tatu. Kata kipande kifupi, vidoti sita au tisa, ukigeuze kiangalie dari ama ukuta badala ya meza. Mwanga unaogonga ukuta ukarudi ni mpole na unaenea. Kusogeza pia kunasaidia kuliko watu wanavyodhani: kidoti kimoja kikiwa mbali mara mbili, karatasi inapata robo ya mwanga. Kaa dakika chache macho yazoee. Utashangaa unaona vizuri na mwanga mdogo hivyo.

Ukipata nafasi ya kuchagua, LED nyekundu zinakuja kwa 620 hadi 630 na zile za ndani zaidi za 660, ambazo hutumika pia kukuzia mimea. Za 660 ziko mbali zaidi na masikio ya karatasi, lakini jicho lako nalo huiona 620 kama mara sita zaidi ya 660 kwa nguvu ile ile. Kwa hivyo usikimbilie 660 ukidhani ni uchawi. Utaishia kuongeza taa hadi faida yote iishe. Za manjano iliyokolea za 590 ni tamu kwa macho, ila ziko mpakani, na kwa Multigrade singezianza nazo.

Halafu kuna maadui wadogo ambao hakuna mtu huwahesabu. Kidoti cha buluu cha chaja. Taa za kijani za ruta ya waifai. Saa ya mkononi inayowaka ukiinua mkono, na mkono ndio utainua juu ya trei siku nzima. Zibe na utepe mweusi wa fundi wa stima, ama zitoke nje. Simu nayo usiidanganye na programu ya kugeuza skrini nyekundu: skrini nyingi zina taa nyeupe ya LED nyuma, na tumeshajua ndani ya nyeupe kuna nani.

Kama umeamua kuweka LED hata ndani ya mashine ya kukuza, hapo rangi inageuka: sasa unaitaka hiyo buluu na kijani. Faida yake ni kwamba haichemki kama balbu za zamani, kwa hivyo negativu haijikunji katikati ya kazi. Chukua nyeupe baridi, si ile ya rangi ya moto, kwa sababu ya moto ina buluu kidogo na picha zitatoka laini zimepoa hata ukiweka filta kali. Na kwa kuwa balbu zingine huchelewa kuwaka ama kuzima kidogo, funga lenzi hadi muda wako ufike sekunde 10 na zaidi. Kuchelewa kwa nusu sekunde hakutaonekana hapo.

Kipande cha utepe wa volti 5 kinaweza kuishi kwa pawabenki usiku kucha. Stima ikipotea, mashine ya kukuza imekufa, lakini bado unaona trei ziko wapi, unamaliza kuosha ile picha iko ndani, na unarudisha karatasi zingine kwa mfuko wao mweusi kabla jirani hajafungua mlango na tochi akiuliza kama ni kwake tu ama ni ploti nzima.